Hodi Tatu, Kisha Mlango wa Jirani

Mtaani kwetu wanamwita Tisini na Tano, na wengi wanaomwita hivyo hawajui hata kwa nini. Ni mtoto wa marehemu dada yangu, kwa hiyo ni mwanangu, na mtu akilitamka jina hilo kwa kejeli mbele yangu tunakosana papo hapo. Kejeli zangu mimi ni halali kwa sababu nimemlea. Za wengine wakae nazo.

Tunaishi kwenye kota za kiwanda cha nguo. Ni mistari ya vyumba vilivyopeana migongo, mabati juu, baraza la saruji mbele, na bomba moja kwa kila mstari, ambalo ndilo mahakama yetu na redio yetu. Nyuma ya ukuta upo ukumbi wa mashine za kufuma. Mgeni akija mara ya kwanza anauliza ile mvua inanyesha upande gani. Tunamwambia kaa kidogo, utazoea, na kweli anazoea, na huko kuzoea ndiko kunakotumaliza.

Mimi nashona pindo za mashuka kwenye chumba cha ushonaji, ambako kelele zipo lakini ni kelele zenye adabu. Shemeji yangu, baba yake Tisini na Tano, yuko ukumbi wa kufuma tangu enzi ana nywele. Mule ndani watu hawaongei, wanasomana midomo. Ukienda kwenye msiba wa mfumaji utadhani wenzake wanagombana, kumbe wanapeana pole. Zamani shemeji alikuwa akijua uzi umekatika kwenye mashine ya tatu kutoka kwake kwa kusikia tu, hata kugeuka hageuki. Siku hizi anatembea huku na huko kama mtu aliyepoteza funguo, anaangalia kwa macho, na uzi ukikatika nyuma yake anaambiwa na msimamizi, tena kwa matusi.

Mtoto alikulia kwenye hali hiyo. Kabla hajajua kuhesabu alijua kwamba ukitaka kumwambia baba kitu unazunguka mbele yake, unavuta shati, unasubiri akuangalie, ndipo unafungua mdomo. Shuleni mwalimu wake aliniita kulalamika kwamba binti huyu anavuta nguo za watu. Nikamwambia, mwalimu, mshukuru Mungu anavuta nguo, nyumbani kwao mkipiga kelele ndiyo hamsikiki kabisa. Mama yake alipofariki alikuwa bado ana meno ya utoto. Nikawa namlisha mimi, baba yake anamvika, na hesabu akajifunza mwenyewe, maana sisi wote wawili kwenye hesabu ni mbumbumbu wa kutupwa.

Akasoma, akafika chuo, akasomea takwimu. Alipoajiriwa ofisi ya takwimu ya serikali nilipika kama watu wanaooza binti. Ofisi yenyewe niliiona baadaye: ghorofa ya pili, feni isiyozunguka, meza zimebanana mpaka mtu akitaka kutoka wawili lazima wasimame. Lakini kwake ilikuwa pepo. Jumapili akija anakaa kwenye kitanda cha baba yake, mimi kwenye kigoda, na ananipa somo nisiloliomba.

Alisema kazi yake ni kuuliza watu wachache na kusema habari za watu wote. Nikamwambia huo ni umbea wa kitaalamu. Akacheka, akanipa mfano wa kiwandani. Mkaguzi wa chumba cha kukunja hafungui kila shuka kwenye robota, lile furushi kubwa lililofungwa. Anachomoa machache kwa kura, anahesabu yenye kasoro, kisha anasema kuhusu robota zima. Lakini mkaguzi mkweli, akasema, hatoi namba moja. Anayekupa namba moja anakudanganya. Mkweli anakwambia, yenye kasoro ni kati ya hapa na hapa, anakupa mpaka wa chini na mpaka wa juu. Ukichomoa mashuka mengi mipaka inasogeleana, ukichomoa machache inaachana. Halafu anaongeza kwamba ana uhakika wa asilimia tisini na tano.

"Uhakika wa tisini na tano ndiyo nini?" nikamuuliza.

Akaeleza kwamba angeirudia kazi ile ile mara mia, kila mara kwa kura mpya, mara tisini na tano hivi ukweli ungekuwa umenaswa katikati ya mipaka yake. Nikamuuliza habari ya zile tano. Akasema zile zinakosa, na mtu hawezi kujua kama yake ni mojawapo.

"Kwa hiyo wanakulipa mshahara kwa kutojua."

"Ndiyo, mama mdogo. Ila najua ni kwa kiasi gani sijui."

Nililipeleka neno hilo bombani, na kufikia jioni jina likawa limeshika. Sikujua litakuja kunichoma.

Sasa niseme jambo lenyewe. Shemeji alianza kukosa kengele ya zamu. Mwanawe akampeleka hospitali, wakampima masikio yote mawili. Daktari, mama mmoja mpole asiyezunguka maneno, akasema sikio la kulia limekwisha, hakuna cha kuokoa. La kushoto limebaki na nusu. Nusu hiyo akiondolewa kwenye mashine sasa itabaki naye mpaka azeeke. Akiendelea, itakwenda, na ikienda hairudi, hata kwa kifaa. Shemeji aliliweka lile sikio la kushoto karibu na mdomo wa daktari ili asipitwe na neno, akaitikia kila kitu. Nje alisema kitu kimoja tu, kwamba haachi kazi, maana chumba anacholala ni cha kiwanda na ukiacha kazi unaacha na chumba. Mwanawe akamwambia atakaa kwake. Mtoto mwenyewe amepanga chumba kimoja na mwenzake, godoro chini. Baba mtu akamwangalia akacheka.

Kulikuwa na njia moja. Sheria ya kazi inasema kama katika kiwanda watu waliopotewa na usikivu ni kumi au zaidi katika kila mia, basi huo ni ugonjwa wa kiwanda. Kiwanda kinalazimika kuwatibu na kuwahamishia kwenye kazi za kimya kwa mshahara ule ule. Kwetu kazi ya kimya ni chumba cha kukunja, ambako unaweza kusikia mwenzako akikohoa. Wafumaji walikuwa wamelalamika miaka nenda miaka rudi. Hatimaye wizara ikaagiza upimaji, na ofisi ya takwimu ikaambiwa iufanye. Wakamkabidhi Tisini na Tano hesabu zake zote, kwa kuwa ndiye anayezijua kota.

Sijawahi kumwona mtu akifanya kazi kwa moyo vile. Ofisi ilitaka kupima watu mia mbili. Akakataa. Akaenda kwa mkubwa wake, akarudi, akaenda tena, akaandika, akabembeleza, mpaka wakampa mia sita. Nilimuuliza kwa nini anajitafutia taabu. Akasema wakiwa mia mbili mipaka itakuwa mipana, kumi itaangukia katikati, na kiwanda kitasema hakuna ushahidi, pimeni tena, na hiyo tena itachukua miaka. Wakiwa mia sita mipaka itabana, hakutakuwa na ubishi. Alitaka jibu lisilo na mlango wa kutorokea, kwa ajili ya lile nusu sikio, ingawa ofisini hakusema hivyo.

Kura ikapigwa kwa namba za vyumba. Aliona namba ya chumba cha baba yake imetoka. Hakumwambia mtu, na hakumpendelea, kura ni kura. Ila aliniambia baadaye kwamba usiku ule alilala usingizi mzuri. Kwa kuwa ni ndugu, alizuiwa kwenda kota mwenyewe. Waliokwenda ni wenzake, kila mmoja na kisanduku chenye vile vitu vya kuvaa kichwani vya kupimia masikio. Sisi mstari wetu tulipata kijana mmoja mrefu kupita kiasi, ambaye kwenye milango yetu ilibidi aingie kama anayeokota kitu. Nitamwita Mrefu.

Mrefu alikuja asubuhi, mimi nikiwa mapumziko. Nilimwona kwenye mlango wa shemeji, unaofuatana na wangu, nikaingia ndani kugeuza sufuria, nilipotoka alikuwa ameshafika kwangu. Nikajua shemeji ameshapimwa. Akaniuliza kama nimefanya kazi kiwandani zaidi ya miaka kumi. Nikamwambia ningekuwa nimeolewa na kiwanda ningeshadai talaka. Akanivisha ule mtambo, akaniambia nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Nikabonyeza kila kitu. Akasema masikio yangu ni ya msichana. Nikatembea nayo kutwa nzima, kila mtu bombani akaambiwa.

Majibu yakatoka. Katika watu mia sita, waliopotewa na usikivu walikuwa arobaini na watano. Hiyo ni saba na nusu katika kila mia. Mpaka wa chini tano na nusu hivi, mpaka wa juu tisa na nusu na ushee. Hata ule wa juu haukugusa kumi. Mipaka ilikuwa imebana vizuri kama alivyotaka, na imebana upande usiotakiwa. Wizara ikasema haya, suala limekwisha, hakuna ugonjwa wa kiwanda.

Jumapili ile alikuja akakaa kitandani kama kawaida, mkoba mapajani hakuuweka chini. Baba yake hakuhitaji masikio. Alimwangalia usoni, akainuka, akaanza kupiga pasi shati la kazi ambalo lilikuwa limeshapigwa pasi. Mimi siwezi kimya cha namna ile, kinanipanda kichwani, nikaanza kutafuta la kusema, nikasema utani wangu wa kijinga. Nikasema basi ni mimi niliyewaangusha, yule Mrefu angempima shemeji peke yake na kunipita mimi mngeshinda.

Akainua kichwa. Akaniuliza Mrefu alikupima wewe? Nikamwambia ndiyo, alipotoka kwa baba yako.

"Mama mdogo, chumba chako hakikuwa kwenye kura."

Nikamwambia kama hakikuwa basi nimepewa ofa. Hakucheka. Alikwenda akamzungukia baba yake mbele, akamvuta shati, akamuuliza polepole, mdomo wazi ili aone vizuri, kama kuna mtu aliyekuja kumpima masikio.

Shemeji akaweka pasi chini. "Nani apime? Siku ile waliyotangaza getini kwamba wapimaji watapita, nilinyoa ndevu, nikavaa, nikakaa hapa nikashona kifungo nikiwasubiri. Hawakuja. Nikadhani hawakunihitaji."

Mimi mwenyewe nilikuwa nimemsikia Mrefu akipiga hodi. Hodi ya nguvu, mara tatu, halafu kimya. Na mule ndani mwenye chumba ameketi, mgongo mlangoni, amenyoa, anasubiri kuitwa.

Kumbe ofisini kwao wana mwongozo. Ni wa siku zote, wameutumia kuuliza watu habari za taa, za maji, za redio. Unasema: piga hodi mara tatu, usipojibiwa, nenda mlango unaofuata uweke huyo badala yake, hesabu isipungue. Kwa taa na maji haidhuru sana. Lakini wewe umekwenda kutafuta watu wasiosikia, na unawatafuta kwa kubisha mlango. Aliyekusikia ukampima. Asiyekusikia ukamwandikia hayupo, ukachukua jirani yake mwenye masikio ya msichana. Watu wazima, wamesoma, wamekaa kwenye mikutano na chai, na hakuna hata mmoja aliyeliona hilo. Na Tisini na Tano, ambaye tangu hajui kutembea vizuri anajua baba yake haitwi kwa sauti, naye hakuliona. Hilo ndilo lililomla. Alisema mwongozo alikuwa ameuzoea kiasi kwamba alikuwa hausomi tena.

Nikamuuliza, si ulisema una uhakika wa tisini na tano? Nilimuuliza kwa hasira, nikijua si wa kukasirikiwa.

"Ule uhakika unajua bahati tu," akasema. "Kama kura imenipa watu wa ajabu kwa bahati mbaya, umeshaliwekea nafasi hilo. Habari za mlango haujui. Ningepima watu elfu sita kwa hodi zile zile, mipaka ingezidi kubana, na ingezidi kubana pale pale pasipo ukweli."

Kesho yake alimkamata Mrefu. Mrefu si mtu mbaya, roho ilimtoka aliposikia. Lakini milango aliyoiruka hakuiandika popote, mwongozo haukumtaka aandike. Alikisia labda mlango mmoja kati ya mitano, na wenzake hivyo hivyo. Alipoombwa akumbuke ni ipi, akaja kota na Tisini na Tano akawa ananyoosha kidole: huu, na ule, na ule wa pazia la buluu. Ikafika ishirini. Alipoulizwa kama atayasema hayo mbele ya mkubwa, akaangalia viatu vyake. Alisema yeye alifuata mwongozo, ana watoto, asiingizwe.

Mtoto akaomba likizo. Akaazima kile kisanduku, akapita milango ishirini, safari hii hakupiga hodi ovyo. Aliuliza jirani, akapitia dirishani, akapunga mkono, wengine akawasubiri bombani wakitoka zamu ya usiku. Wengi ni wazee wa ukumbi wa kufuma, wajane na wagane, au wale ambao mchana wake zao wako kazini na watoto shuleni, kwa hiyo hakuna wa kuwafungulia. Mzee mmoja alipoambiwa watu walikuja kumpima akakataa kuamini, akasema wanamsingizia kwamba hakuwa nyumbani. Katika ishirini, tisa walikuwa wamepotewa na usikivu. Tisa! Hata mimi mbumbumbu niliona kwamba hapo hakuna mchezo.

Siku ya kwenda kwa mkubwa wake nilimsindikiza. Nilisema nina shida mjini, akajua naongopa, akaniacha. Nilikaa kwenye benchi nje, mlango ulikuwa nusu wazi kwa ajili ya joto, nikasikia yote kwa masikio yangu hayo mazima.

Nilitaka yule bwana awe mbaya. Ingenisaidia. Lakini alikuwa mtu wa makamo, mchovu, anayesikiliza mpaka mwisho. Alipomaliza kusikiliza akachukua kalamu akapiga hesabu mwenyewe. Tisa katika ishirini, akasema, ni arobaini na tano katika mia, lakini watu ishirini ni wachache. Mipaka yake inatoka ishirini na tatu mpaka sitini na saba. Akamuuliza kama na yeye anaiona. Mtoto akasema anaiona. Akamuuliza, na hawa ishirini walipatikana kwa kura? Akasema hapana, kwa kumbukumbu ya mtu. Mtu huyo atasaini? Hapana. Na mmoja wao ni baba yako? Ndiyo.

"Binti, mimi nakuamini," yule bwana akasema. "Lakini kuamini kwangu si kipimo. Kule wizarani kuna watu mia sita, wamepangwa kwa kura, mipaka imebana, tumesaini wote, na wewe ukiwemo. Nikiwapelekea ishirini hawa, mawakili wa kiwanda watatula wabichi."

Akamwambia upimaji wa marudio utakuja kwa ratiba, baada ya miaka mitano. Mtoto akasema baba yangu hana miaka mitano, ana nusu sikio. Bwana yule akasema pole, na nadhani alimaanisha, na haikusaidia kitu.

Kwenye ngazi mtoto alisimama akashika ukuta. Nilidhani anazimia, nikamshika kiunoni. Kumbe alikuwa anacheka, au analia, kwake havitofautiani sana.

"Kama ningekubali wale mia mbili," akasema, "mipaka ingekuwa mipana. Kumi ingeangukia ndani. Wangesema haijulikani, pimeni tena. Mama mdogo, ningekuwa mvivu baba angepona."

Nimemjibu mtoto huyu kila kitu maishani, mpaka maswali ya mama yake amekwenda wapi, lakini hapo niliishiwa. Nilimnunulia maji, tukarudi.

Alijaribu na kwingine, sitasimulia yote, yanachosha na yote yanaishia pale pale. Chama cha wafanyakazi kilisema kinasubiri barua. Daktari wa hospitali alisema anaweza kuandika kuhusu mgonjwa mmoja, hawezi kuandika kuhusu kiwanda. Msimamizi wa ukumbi alisema kama mzee hasikii aseme tu, wapo vijana wanaopanga foleni getini. Baada ya hapo shemeji alitukataza kumtaja kwa mtu yeyote.

Ofisini walimpandisha cheo. Kweli kabisa. Ripoti ya kiwanda ilisifiwa kwa namna mipaka yake ilivyobana, na sasa wanawafundishia wageni wa kazi. Anayefundisha ni nani? Ni yeye. Anasimama mbele ya ubao, anachora mpaka wa chini na mpaka wa juu, halafu anawaambia habari za milango. Anasema wanaandika ile hesabu na ya milango hawaiandiki, kwa sababu haiulizwi kwenye mtihani. Alipigania mwongozo ubadilishwe, na kwa hilo alisikilizwa. Zamani ilikuwa hodi tatu. Sasa wameandika hodi tano.

Jumapili bado anakuja, lakini masomo yameisha. Analeta sabuni, analeta dawa ya kifua, anakaa upande wa kushoto wa baba yake na kumsemesha sikioni mambo ya ovyo, bei ya vitu, nani kaoa, timu gani imefungwa. Zamani alikuwa akimzungukia mbele aone mdomo. Nilimuuliza kwa nini amebadilisha. Akasema anataka kulitumia lile sikio wakati bado lipo. Na kila Jumapili alikuwa akisogea karibu zaidi, na mimi nilikuwa naona, na shemeji alikuwa anaona, na hakuna aliyesema.

Kuna mambo nimeyazoea na kuna mambo siyazoei. Mtu akifa unalia, unazika, unarudi kufua. Lakini hili la kumwona mtu anakwenda mwenyewe, kila zamu, na viatu vyake vimepigwa rangi, mahali ambapo kila mtu anajua kinachomngoja, na hakuna wa kumzuia kwa sababu hakuna wa kumlisha, hilo limenishinda. Nimegombana na watu wengi mwaka huu kwa vitu vidogo. Najua chanzo chake.

Juzi nilikuwa chumba cha ushonaji, zamu ya mchana ikiingia. Shemeji alitokea mlangoni kwangu, mahali asipofika kamwe, uso umekunjamana, amebeba chupa yake ya chai. Alikuwa amekasirika kidogo, kama mtu aliyeitwa kazini bure. Akasema, kwa ile sauti yake kubwa ambayo yeye mwenyewe haijui:

"Shemeji, leo umeme umekatika? Mbona wamezima mashine?"

Nyuma yake mlango wa ukumbi ulikuwa wazi. Mashine zote zilikuwa zinakwenda, sakafu inatetemeka mpaka sindano yangu inacheza. Wasichana wa ushonaji waliacha kushona, wakaniangalia mimi.

Nilitikisa kichwa.

Aliniangalia usoni kwa muda, kisha akageuka akaangalia ukumbi, zile mashine zikipanda na kushuka. Alisimama hivyo mpaka msimamizi akamnyooshea kidole kwamba zamu imeanza. Akaweka chupa yake pale inapokaa siku zote, akaingia kazini.

Mtoto bado sijamwambia. Kesho ni Jumapili.